Kupanda Mikanda ya Taekwondo Bila Kuumia: Mwongozo kwa Anayeanzia Dodoma

Mtu mzima anayeanza taekwondo Dodoma, au mzazi anayempeleka mtoto wake, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: mkanda mweusi unachukua muda gani? Swali si baya, ila huja mapema mno. Katika bwalo la shule tunalofanyia mazoezi upande wa Nzuguni nimeshuhudia watu wengi wakiacha mchezo huu, na waliokwamishwa na ugumu wa mitihani ni wachache. Wengi waliondoka wakichechemea, kwa sababu waliukimbilia mtihani kwa goti au paja ambalo lilikuwa limekwisha kuwaonya. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao kwa miezi minane, na ndiyo sababu katika mwongozo huu nazungumzia mkanda na jeraha kama jambo moja.

Kuchagua darasa

Kabla ya kushona sare, fahamu ni mchezo gani unaofundishwa mahali unapokwenda, kwa kuwa mjini kwetu kila aliyevaa nguo nyeupe na mkanda huitwa mcheza karate. Karate ilitoka Okinawa na Japani. Taekwondo ni ya Korea, na jina lake lilipitishwa mwaka 1955. Yenyewe ina matawi mawili makubwa. Moja hufuata shirikisho la ITF, lililoanzishwa na Jenerali Choi Hong Hi mwaka 1966. Jingine hufuata shirikisho lililoanzishwa Seoul mwaka 1973, ambalo tangu 2017 linaitwa World Taekwondo, na ndilo linalosimamia mchezo huu katika Olimpiki, ambako medali rasmi zilianza kutolewa Sydney mwaka 2000. Sare zitakusaidia kuyatambua: koti la World Taekwondo hupitishwa kichwani na lina shingo ya herufi V, ilhali la ITF hufunguka mbele na mgongoni lina maandishi yaliyopangwa kwa umbo la mti.

Tofauti inayokuhusu zaidi ni ya mapigo, kwa kuwa ndiyo inayoamua utaumia wapi. ITF huruhusu ngumi ya uso kwa glavu, kwa hiyo midomo na pua vinahitaji tahadhari. World Taekwondo hairuhusu ngumi kichwani, lakini teke la kichwa lina alama 3, na likipigwa kwa kugeuka lina alama 5, ilhali teke la kawaida la kiwiliwili ni alama 2 na ngumi ni 1. Mwanafunzi akishaijua hesabu hiyo hutamani kurusha mguu juu kabla paja halijawa tayari. Hapkido, mchezo mwingine wa Kikorea unaofanana kwa sare tu, hukunja na kupinda viungo, na majeraha yake hukaa zaidi viganjani, viwikoni na mabegani. Huko somo la kwanza ni kuanguka.

Mwalimu aulizwe mambo mawili bila kuona haya. La kwanza ni nani anayetoa vyeti vyake vya mkanda mweusi, na kama anaweza kukuonyesha cheti chake mwenyewe. La pili ni mtihani hufanyika mara ngapi. Darasa la kwanza nililoingia, katika mji mwingine, lilikuwa na mtihani kila mwezi na ada ya mtihani kila mwezi. Nilipata mikanda mitatu kabla sijajua kusimama. Pia tazama sakafu. Mikeka ya povu inayoungana kipande kwa kipande inafaa, mradi maungio yake hayajafunguka kiasi cha kunasa kidole gumba. Saruji laini inavumilika kwa mazoezi ya mwendo, ila si ya kurukia. Vigae vyenye vumbi ni vya kuepukwa kabisa.

Madaraja na nidhamu yake

Katika mfumo wa Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyojengwa Seoul mwaka 1972 na ambayo hutoa vyeti vya mkanda mweusi kwa tawi la World Taekwondo, mwanafunzi huanza gupu (daraja la mkanda wa rangi) ya 10 na kushuka hadi gupu ya 1, kisha huingia dani (daraja la mkanda mweusi) ya kwanza na kuanza kupanda. Rangi za kawaida ni nyeupe, njano, kijani, bluu na nyekundu, ingawa shule nyingi huongeza mistari au rangi za katikati. Mtoto aliye chini ya miaka 15 hapewi dani. Hupewa daraja linaloitwa poom, ambalo mkanda wake ni nusu mwekundu na nusu mweusi, na ambalo sisi tunalitamka kwa uangalifu lisije likageuka kuwa pumu. Kuhesabu nako kuna vituko vyake. Moja kwa Kikorea ni "hana", na mwalimu anapoanza kuhesabu mateke kwa sauti, hakosekani mtoto wa safu ya nyuma anayenong'ona, "Hana nini?"

Kwa mtu mzima anayehudhuria mara tatu kwa wiki bila kukatiza, dani ya kwanza kwa kawaida huchukua miaka mitatu hadi mitano. Baada ya hapo kanuni inaweka muda wa kungoja: angalau mwaka 1 kabla ya mtihani wa dani ya pili, miaka 2 kabla ya ya tatu, na miaka 3 kabla ya ya nne. Watahiniwa wa mikanda ya rangi hupimwa kwa mfululizo wa mienendo uliopangwa, ambao World Taekwondo huuita poomsae na ITF huuita tul. Wa kwanza wa ITF, Chon-Ji, una mienendo 19, na mifululizo ya ITF kwa jumla ni 24, kwa mfano wa saa za siku moja. Hufuata pigano la mazoezi, kujihami, na mara nyingi kuvunja ubao. Kuvunja ubao ndiko kunakovutia wazazi wenye simu, na ndiko ninakokuomba usiwe na haraka nako, hasa kwa mtoto ambaye mifupa ya mkono wake bado inakua.

Jambo ambalo halimo katika kanuni za Korea, na ambalo kila darasa la kwetu hulitatua lenyewe, ni la heshima. Kwetu kuna binti wa miaka 13 mwenye mkanda mwekundu, na kuna mzee wa miaka 52, mtumishi wa serikali aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake, mwenye mkanda mweupe. Nje ya mlango binti huinama kidogo na kusema, "Shikamoo baba," naye hujibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Wakishavua viatu na kukanyaga mkeka, mzee ndiye anayeinama kwanza na kumfuata binti katika kupasha mwili. Utaratibu huu ukubali siku ya kwanza. Mtu mzima anayeona aibu kusahihishwa na mtoto ndiye atakayepiga teke kubwa ili kuonyesha kwamba naye ni mtu, na ndiye atakayebebwa.

Wiki ya mazoezi katika hali ya hewa ya Dodoma

Mara tatu kwa wiki, na siku moja ya kupumzika katikati, zinamtosha anayeanza. Mji wetu uko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari na hewa yake ni kavu, hivyo jasho hukauka kabla hujaliona, na mtu aliyezoea Dar es Salaam hudhani hajatoka jasho kwa sababu fulana yake haijalowa. Kunywa maji kabla ya kiu. Oktoba na Novemba, joto likiwa kali na mvua bado, fanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Juni na Julai tatizo hugeuka: asubuhi ni baridi, upepo unapita madirishani, na msuli wa nyuma ya paja huwa mgumu kama mkanda mpya. Miezi hiyo usipashe mwili kwa dakika tano za kukimbia huku na huko. Tumia dakika kumi na tano hadi ishirini, ukianza kwa kutembea haraka, kukimbia taratibu, kuzungusha nyonga, kuinua magoti, kisha kubembeza mguu mbele na pembeni bila nguvu. Kujinyosha kwa kukaa chini muda mrefu, ule mtindo wa kupanua miguu huku mwenzako akikukandamiza mgongoni, uhamishie mwisho wa mazoezi. Na huyo mwenzako mwombe asikukandamize.

Nguvu zijengwe kwa mazoezi matatu yasiyohitaji kifaa. Kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30 wakati wa kupiga mswaki, kisha macho yakiwa yamefumbwa, hukifundisha kifundo cha mguu kujirekebisha. Kunyanyuka kwa vidole, mara 15 kwa kila mguu, huimarisha misuli ya mashavu ya miguu. La tatu ni gumu: piga magoti juu ya mkeka, mwenzako akushike vifundo, kisha shusha kiwiliwili mbele polepole, mgongo ukiwa umenyooka, mpaka unaposhindwa na kujipokea kwa mikono. Hilo ndilo zoezi lililothibitishwa sana kwa kupunguza kuchanika kwa msuli wa nyuma ya paja. Anza na mara tatu au nne tu, maana kesho yake kushuka ngazi kutakuwa kazi.

Teke la mzunguko linavyosomwa sakafuni

Kama kuna ujuzi mmoja wa kuulinda mwili ambao ningependa kila mgeni aupate kabla ya mkanda wa njano, ni kuugeuza mguu uliosimama. Katika teke la mzunguko, mguu unaopiga huinuliwa goti likiwa limekunjwa, nyonga hugeuka, na unyayo hupiga kwa sehemu ya juu. Macho ya wote huufuata mguu huo, ilhali hatari iko chini: mguu uliosimama unapaswa kugeuka juu ya kisigino cha mbele, yaani sehemu nene iliyo nyuma ya vidole, mpaka kisigino halisi kielekee karibu na anayepigwa. Usipogeuka, nyonga inazunguka, unyayo umekwama, na kinachobaki katikati ya viwili hivyo ni goti, ambalo kazi yake ni kukunja na kunyoosha, halikuumbwa kwa ajili ya kusokotwa.

Mwalimu wetu hana video wala kioo cha ukutani. Anachotumia ni vumbi. Bwalo huachwa bila kufagiliwa kwenye ukanda mmoja wa saruji karibu na mlango, ambako upepo wa kiangazi huingiza udongo mwekundu mwembamba kila siku, nasi husimama hapo mmoja mmoja na kupiga teke moja la polepole, tukishika ukuta kwa mkono mmoja. Kisha mtu anasogea, mwalimu anachuchumaa na kutazama. Mguu uliogeuka vizuri huacha alama kama nusu duara, pana na laini, iliyofagiwa na sehemu ya mbele ya unyayo. Mguu uliokwama huacha unyayo kamili, vidole vitano na kisigino, kama wa mtu aliyekuwa anasubiri basi. Mwenye alama ya unyayo kamili harudi kwenye safu. Hubaki ukutani na kurudia teke lilelile kwa urefu wa goti, polepole, mara ishirini kila upande. Zoezi hili unaweza kulifanya uani kwako jioni, na vumbi Dodoma halijawahi kupungua.

Yanapotokea maumivu

Jeraha la kawaida kabisa ni kuteguka kifundo cha mguu, hasa kwa kutua vibaya baada ya kuruka. Acha mazoezi papo hapo, inua mguu juu ya kiti, zungushia bandeji ya kuvutika bila kubana damu, na weka barafu kwa dakika 15 hadi 20, ukirudia kila baada ya saa mbili au tatu siku hiyo. Barafu isigusane na ngozi. Mahali pasipo na mifuko maalumu, nyumba ya jirani inayouza barafu za ubuyu itakuokoa: nne au tano zilizofungwa ndani ya kanga hukaa vizuri kwenye kifundo kuliko bonge la barafu, na zikiyeyuka unazinywa.

Usichopaswa kufanya katika siku mbili au tatu za kwanza ni kile ambacho kila shangazi mwenye upendo atakishauri, yaani kukanda kwa maji ya moto na chumvi, kuchua kwa nguvu, au kwenda kwa mtu anayevuta viungo ili "virudi mahali pake". Kiungo kilichoteguka hakijaondoka mahali pake; kano zinazokifunga ndizo zilizonyooshwa au kuchanika, na joto pamoja na kuchua huongeza damu na uvimbe katika sehemu hiyo. Kukanda kuna wakati wake, baada ya uvimbe kupungua. Nenda hospitali kupigwa picha ya eksirei iwapo huwezi kutembea hatua nne hata kwa kuchechemea, au iwapo ukibonyeza mfupa wa ukingo wa nyuma wa kifundo, juu ya kile kinundu cha ndani au cha nje, unasikia maumivu makali. Kama hali si hiyo, anza kukanyaga taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu, na baada ya siku chache rudi kwenye zoezi la mswaki.

Goti ni jambo jingine. Ukisikia mlio wa "ta!" ndani ya goti wakati wa kugeuka au kutua, na goti likavimba ndani ya saa chache, chukulia kwamba kano ya ndani imekatika mpaka daktari aseme vinginevyo. Mjeruhiwa wa namna hiyo asipakiwe kwenye bodaboda, mguu ukining'inia kwenye matuta. Tafuta bajaji au gari alaze mguu. Dodoma tuna bahati ya kuwa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa, na baada ya daktari omba kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa goti lililopona maumivu bila kurudishiwa nguvu huumia tena. Mtoto wa miaka kati ya 10 na 15 anayelalamikia kinundu kilicho chini ya goti, bila kuanguka popote, mara nyingi anasumbuliwa na ukuaji. Mpunguzie kuruka na mateke ya nguvu kwa wiki kadhaa, na mwone daktari kama hapati nafuu. Hadeki.

Kichwa hakina mjadala. Aliyepigwa teke la kichwa akayumba, akauliza swali lilelile mara mbili, akaumwa kichwa, akasikia kichefuchefu au akasahau raundi ilivyoanza, amepata mtikiso wa ubongo hata kama hakuzimia, na siku hiyo harudi ulingoni hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Asiachwe peke yake na asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani. Kutapika mara kwa mara, usingizi usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa upande mmoja au mboni za macho zisizolingana ni sababu ya kwenda hospitali dakika hiyo. Wengine wapumzike siku moja au mbili, kisha warudi kwa ngazi: kutembea, kukimbia, mienendo bila mpinzani, mazoezi kamili bila kugusana, halafu pigano, kila ngazi ikichukua angalau saa 24, na dalili zikirudi wanashuka ngazi moja. Pigano lenyewe lisirudiwe kabla ya daktari kuruhusu. Kanuni za World Taekwondo humzuia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa kushindana kwa siku 30. Kofia ya kinga hupunguza michubuko na mipasuko, ila haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kwa kuwa ulivaa kofia hukuumia. Kinga ya meno iwe yako mwenyewe, ile inayochemshwa na kung'atwa ipate umbo la meno yako. Kuazimana ni kuchukuliana mate tu.

Mtihani ukiwa karibu na mwili haujapona

Hapa ndipo nilipokosea. Wiki mbili kabla ya mtihani wa mkanda wa bluu msuli wangu wa nyuma ya paja la kushoto ulinivuta katikati ya teke, kama kamba iliyoguswa. Mwalimu wa wakati ule, si huyu wa vumbi, alisema ninunue diklofenaki dukani na niendelee, kwa kuwa ada nilikwisha kulipa. Nilimeza vidonge siku ya mtihani, sikusikia kitu, nikapiga teke la juu, na nikausikia msuli ukichanika hata kupitia dawa. Mkanda nilipewa. Miezi minane iliyofuata niliutumia nikiwa nimeketi kwenye benchi, nikiwa nimeufunga kiunoni.

Dawa ya maumivu hunyamazisha onyo, na kilichokuwa kinakuonya kinabaki palepale. Kwa hiyo jiwekee masharti kabla ya kujiandikisha. Jeraha la mguu liwe limefikia mahali ambapo unaweza kuruka mara kumi kwa mguu huo peke yake bila maumivu, kukimbia na kusimama ghafla, na kupiga mateke ya urefu wa kiuno kwa kasi kamili ukiwa hujameza kidonge chochote tangu jana yake. Linganisha na mguu mzima. Ukiona tofauti kubwa, mwambie mwalimu mapema, kwa faragha na kwa adabu, kwamba utasubiri mtihani ujao. Mwalimu anayejua kazi yake atahamisha ada yako. Katika kungoja usikae nyumbani. Mienendo ya poomsae inaweza kurudiwa ukiwa umeketi, kwa mikono pekee. Majina ya Kikorea yanahitaji kukaririwa. Na kumshikia mwenzako kinga ya kupigia hukufundisha kuona teke linavyotoka nyongani, jambo ambalo mpigaji mwenyewe halioni.

Niliporudi, mwalimu mpya hakuniuliza nilikuwa na mkanda gani. Alinielekeza kwenye ukanda wa vumbi karibu na mlango. Mguu wa kulia uliacha nusu duara. Wa kushoto, ule niliokuwa nikiulinda kwa miezi yote hiyo, uliacha unyayo wenye vidole vitano, nikashika ukuta na kuanza kuhesabu: hana, dul, set.